Mwenye Karatasi na Mwenye Neno

Barua zilizoandikwa Ujiji kuanzia mwaka 1878 zimehifadhiwa London, katika maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, ambacho wengi hukijua kwa jina la SOAS. Aliyeziandika ni Edward Coode Hore, baharia wa Kiingereza aliyetumwa na Jumuiya ya Wamishenari wa London kwenda Ziwa Tanganyika. Kumbukumbu za jumuiya hiyo zilihamishiwa SOAS mwaka 1973. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1916, na maktaba yake imekusanya pia miswada mingi ya Kiswahili, ikiwamo tenzi na mashairi ya mwambao wetu. Jirani na maktaba hiyo pana Jumba la Brunei, lililofunguliwa mwaka 1995, ambalo kazi yake ni maonesho ya umma.

Katika makala haya ninakusudia kuuliza suala moja la kimaadili. Maktaba ya chuo kikuu inapoyatoa maandishi kama haya kabatini, ikayalaza ndani ya kioo, ikaalika watu na kufanya hafla, je, huwa imetimiza wajibu wake kwa wale wanaotajwa ndani ya maandishi hayo? Wengi watajibu kwamba imetimiza, tena imezidisha, kwani ingeweza kuyaacha gizani. Mimi naona kwamba bado, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza tuliweke kando jambo ambalo halimo katika kadhia hii. Hapa hakuna wizi. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilichukuliwa na Wajerumani, likadaiwa, na hatimaye likarudi Uhehe mwaka 1954. Shaba za Benin ziliporwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1897. Wenyewe wamezidai, na baadhi zimekwisha kurejeshwa. Katika mifano hiyo swali ni jepesi kulitamka, ijapokuwa ni zito kulitekeleza: kilichochukuliwa kwa nguvu kirudi kwao. Barua za Hore hazikuporwa na mtu. Karatasi ilikuwa yake, mkono ulikuwa wake, na alioandikiwa ni wakubwa wake wa London. Mji wa Ujiji ukienda mahakamani kuzidai, utashindwa siku ya kwanza. Lakini zipo haki ambazo mahakama hazizijui, na ambazo hata hivyo watu huzijua.

Hore alifika Ujiji Agosti 1878 pamoja na Mchungaji J. B. Thomson. Mwezi uliofuata Thomson akafariki. Arthur Dodgshun, aliyewafuata nyuma, aliwasili mwaka 1879 na akafa katika muda wa siku chache. Hore alibaki, mgeni asiyelijua ziwa, katika mji ambao ulikuwa umekwisha kuwa bandari na soko la watu wa namna nyingi. Walikuwapo Wajiji wenye nchi, Wamanyema kutoka ng'ambo, Wanyamwezi, Waarabu, na Waswahili wa Mrima ambao mkubwa wao alikuwa Mwinyi Kheri. Mgeni wa namna hiyo hana budi kuuliza. Atauliza upepo wa msimu gani ni salama kwa chombo kidogo, bandari ipi ina kivuli cha mawimbi, mto upi unaingia ziwani na upi unatoka, na kijiji kipi kitampa chakula. Waliomjibu walikuwa wavuvi, manahodha, wapagazi na wafanyabiashara. Mengi aliyoyaandika aliyasikia kwanza kinywani mwa mtu, kisha ndipo akaenda kuyaona.

Kwa hiyo katika barua moja mna watu wawili. Yumo mwenye karatasi, na yumo mwenye neno. Wa kwanza jina lake limeandikwa katika orodha ya maktaba. Wa pili aghlabu hana jina hata ndani ya barua yenyewe. Ni "wenyeji", au "mtu mmoja", au "mwenye mtumbwi".

Wapenzi wa ushairi hawatashangazwa na tofauti hii, maana wanaishi nayo. Mwandishi wa zamani aliyenakili utenzi kwa hati za Kiarabu hakujidai kuwa ndiye aliyeutunga. Mara nyingi aliandika jina lake mwishoni, akataja tarehe, akaomba asomewe dua na asamehewe makosa ya kalamu. Alijua kwamba mkono ni wake na maneno ni ya mwingine. Sitaki kumdhulumu Hore kwa kumfanya mnakili tu, kwani alipima, alifikiri na alihukumu kwa akili yake mwenyewe. Ninachosema ni kwamba adabu ile ya mnakili, ya kukiri kwamba kuna mtu nyuma ya kalamu, haikuingia katika orodha za maktaba za vyuo vikuu wala katika maonesho yake.

Ili tuone kwamba jambo hili si la hisia tu, tutazame maandishi mengine yaliyopita Ujiji. David Livingstone alikuwapo Ujiji Henry Morton Stanley alipomkuta Novemba 1871, kwa tarehe inayotajwa kwa kawaida. Miongoni mwa waliokuwa naye ni Abdullah Susi na James Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, watu hao pamoja na wenzao waliukausha mwili wake wakauchukua hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Hawakuuchukua mwili peke yake. Walichukua na karatasi zake zote, katika mwendo wa miezi mingi, wakipita nchi za njaa na maradhi. Jacob Wainwright, msomi aliyepata elimu yake Nashik nchini India, ndiye aliyesoma maombi ya maziko kule Chitambo, naye aliandika shajara yake mwenyewe ya safari hiyo.

Yaliyofuata ndiyo yenye mafunzo. Karatasi zilipofika Uingereza, Horace Waller alipewa kazi ya kuzihariri ziwe kitabu, na akaona kwamba karatasi hazikutosha. Susi na Chuma waliletwa Uingereza mwaka 1874, wakaketi naye, wakawa wanamweleza maana ya majina, mahali na matukio, na wakamsimulia siku za mwisho ambazo Livingstone hakuweza kuziandika. Kitabu kikatoka mwisho wa mwaka huo. Hata mwenye karatasi alikiri kwa vitendo kwamba bila ya waliozibeba karatasi zilikuwa nusu bubu. Kisha watu hao wakarejeshwa. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891, hapa hapa kisiwani petu. Karatasi zikabaki Uingereza na Uskochi, zikazidi kuheshimiwa kila mwaka.

Funzo la pili linatokana na shajara ya mwaka 1871. Livingstone alipokuwa Manyema aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea ambao Wamanyema waliutumia kutilia rangi nguo zao. Humo aliandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 1871, ambayo yalimrudisha Ujiji akiwa amevunjika moyo. Wino ule ulififia hata kurasa nyingi zikawa hazisomeki. Kwa zaidi ya miaka 100 kurasa hizo zilitunzwa, na mtu aliyezitazama aliona gazeti lenye madoa. Mwaka 2010 wataalamu walizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 maandishi yakachapishwa kwa njia ya kompyuta na maktaba ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Ndipo ilipodhihirika kwamba shajara ile na kitabu cha Waller havilingani kila mahali.

Tuzingatie kilichotokea. Kurasa zile zilikuwapo, zilikuwa salama, na bado hazikusema lolote. Kilichozifanya ziseme ni kusomwa. Na mauaji ya Nyangwe hayakuwa habari za Livingstone. Yalikuwa msiba wa wanawake waliokwenda sokoni, na wajukuu wa wajukuu wa watu wa Manyema wamo Kigoma na Ujiji mpaka leo. Ikiwa kuna watu wenye haki ya kwanza ya kusoma ukurasa ule uliofufuliwa, na kuusoma kwa lugha wanayoielewa, ni wao.

Sasa turudi kwenye kioo. Onesho la maktaba lina kanuni zake. Barua hufunguliwa ukurasa mmoja, kwani hauwezi kufunguliwa zaidi. Chini yake huwekwa kibao chenye jina la mwandishi, mwaka na mahali. Mgeni husimama kwa dakika mbili au tatu, huvutiwa na umbo la hati, husoma kibao, husogea mbele. Siku ya ufunguzi huwapo hotuba na wageni waalikwa. Sina ugomvi na hayo. Hata kidogo hicho ni bora kuliko kufuli. Lakini tuone hali ya Ujiji katika onesho kama hilo. Ujiji imekuwa anwani tu, mahali ambapo barua ilitumwa kutoka kwake. Haioneshwi kama mji wa watu waliosema maneno yaliyomo baruani.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii huwaonya watu wasikose kuhudhuria kikao. Lakini ni methali inayoeleza dunia ilivyo. Haisemi kwamba ndivyo inavyopasa kuwa. Mtu ambaye hakualikwa hawezi kulaumiwa kwa kutokuwapo, na kikao kinachomjadili mtu bila ya kumwita kina dhamana kubwa zaidi ya kuliweka lake mbele.

Wapo watakaosema kwamba ninawadai wageni tu. Basi tutazame nyumbani. Ujiji ina makumbusho yake, mahali ambapo pamejengwa mnara wa kukumbuka kukutana kwa Livingstone na Stanley, chini ya miembe ambayo husemwa kuwa ni uzao wa mwembe wa zamani. Wageni waliofika hapo wameona sanamu kubwa za wawili hao wakiamkiana, kila mmoja na kofia yake mkononi. Sanamu hizo zimekuwa sura ya Ujiji kwa ulimwengu. Lakini Susi, ambaye alimtangulia bwana wake kwenda kumlaki Stanley, si sehemu ya picha ambayo mgeni huondoka nayo kichwani. London ina karatasi isiyo na mji, na Ujiji ina mji usio na karatasi, na pande zote mbili mwenye neno amebaki pembeni.

Upo mfano bora, nao upo nchini. Mwaka 1970, mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposimama peke yake kama chuo kikuu kamili, ilichapishwa orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa na J. W. T. Allen kwa ajili ya maktaba ya chuo hicho. Orodha ile haikutaja miswada tu. Ilitaja na kanda za sauti. Allen na wenzake walifahamu kwamba utenzi ulioandikwa bila ya sauti ya anayeughani ni kitu pungufu, kwa hiyo walimwendea mwenye miswada wakamwomba na sauti. Wakusanyaji waliokuwa na haraka zaidi wangechukua karatasi wakaenda zao. Maktaba ya Dar es Salaam tangu hapo imepata jengo jipya, lililofunguliwa Novemba 2018 kwa msaada wa China, lenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Nafasi ya kuonesha na kukaribisha umma si haba. Kinachohitajika ni kuikumbuka kanuni ile ya kanda, kwamba hati iende pamoja na sauti.

Najua zipo hoja za upande wa pili, na si dhaifu. Ya kwanza ni kwamba karatasi zimesalimika kwa sababu zilikuwa London. Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa unyevu na mchwa hufanya nini kwa kitabu. Ziko nyumba zilizokuwa na makasha ya miswada na leo zina unga tu. Shukrani kwa mhifadhi ni wajibu. Lakini katika maadili yetu, mwenye kutunza amana hapewi umiliki kwa sababu ametunza vizuri. Utunzaji mzuri ndiyo amana yenyewe. Si malipo ya kuinunua.

Hoja ya pili ni kwamba siku hizi nakala zipo katika mitandao, na kila mtu anaweza kuzifungua. Hii ni kweli kwa sehemu, na ni neema kubwa. Hata hivyo mlango uliofunguliwa haumfai asiyejua kwamba upo, au akiingia akakuta maneno ya Kiingereza cha mwaka 1878 kwa hati ya mkono. Mvuvi wa Ujiji anaweza kusoma Kiswahili na kusimulia Kiha na Kiswahili kwa ufasaha unaotushinda wengi wetu. Kumwambia kwamba barua ipo mtandaoni ni kumwambia kwamba chakula kipo ng'ambo na chombo atafute mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo inayonipa taabu zaidi. Nani hasa ni mwenye neno? Watu waliomjibu Hore wamekufa zamani. Ujiji ya leo ina watu waliohamia jana, wakimbizi waliovuka ziwa wakabaki, na wengine ambao babu zao walikuwa bwana na mtumwa katika nyumba moja. Wakikusanywa chini ya mwembe kusikiliza barua, hawatasikia kitu kimoja. Kwa mmoja Mwinyi Kheri ni mkubwa wa mji. Kwa mwingine ni mfanyabiashara wa wakati wa misafara ya pembe na watumwa. Nakiri kwamba hakuna mrithi mmoja wa kukabidhiwa. Lakini kutokuwapo kwa mrithi mmoja hakuifuti haki. Kunaifanya iwe ya wengi. Na haki ya wengi hailipwi kwa kumpa mtu kitu mkononi. Hulipwa kwa kuwaachia nafasi ya kusema, hata wakipingana.

Hapo ndipo ninapofika katika jawabu langu. Kila onesho lina kitabu cha wageni. Huwekwa mlangoni, kina safu ya jina, ya anwani, na ya maoni, na safu ya maoni ni nyembamba kuliko zote. Watu huandika "vizuri sana" wakaondoka, na kitabu kikijaa hutupwa au husahauliwa. Naona kwamba katika kitabu hicho kidogo ndimo limo suala lote la maadili ya maonesho. Barua ikisomwa Ujiji, kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya watu, kisha mzee mmoja akasema, "Hapana, hapo mgeni hakuelewa, jina la mahali hapo ni hili na sababu yake ni hii," maneno yake ni maoni ya mgeni, au ni hati? Mimi nasema ni hati. Yanastahili kuandikwa, kurikodiwa, kupewa namba, na kuwekwa katika orodha ya maktaba karibu na barua yenyewe, ili msomaji wa miaka 100 ijayo anayeomba barua ya Hore aletewe na jibu lake.

Kumwonesha mtu barua inayomtaja ni kumwuliza swali. Maktaba inayouliza, kisha isihifadhi jibu, imefanya tamasha tu. Inayohifadhi jibu kwa heshima ile ile inayoihifadhi karatasi imeanza kulipa deni, ijapokuwa haikurudisha hata ukurasa mmoja. Wala hili halihitaji mali nyingi. Nakala nzuri, mfasiri mzuri, mghani, na kinasa sauti vinaweza kupanda garimoshi la reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914 kwa kufuata kwa sehemu kubwa njia ile ile ya misafara.

Na wasomaji wasidhani kwamba faida ni ya heshima peke yake. Hore alikaa ziwani katika miaka ambayo Mto Lukuga, upande wa magharibi, ulikuwa umefunguka na kuyatoa maji ya ziwa kwa wingi. Aliupima upungufu huo pale Ujiji na kuuandika. Tangu mwaka 2020 wakaazi wa mwambao wa Kigoma wameyaona maji yakipanda, yakimeza fukwe na kuingia katika majengo. Mtu ambaye nyumba yake imefikiwa na ziwa ana haja ya kujua maji yalikuwa wapi zama za babu wa babu yake, na namna yalivyoondoka. Sehemu ya jawabu imo katika maandishi ya mgeni yule. Sehemu nyingine huenda imo katika majina ya mitaa na masimulizi ya wavuvi, ambayo hayajawekwa katika kabati la maktaba yoyote. Hadi sehemu hizo mbili zisomwe pamoja, mwenye karatasi atakuwa na nusu, na mwenye neno atakuwa na nusu, na maji hayawasubiri.